Siku moja na kobe wa Changuu

Saa 11:30 alfajiri
Nikitoka msikitini nashika moja kwa moja njia ya soko la Darajani, Unguja, kutafuta chakula cha kobe ninaowatunza kisiwani Changuu. Mboga hushuka mapema, ukichelewa unaachiwa kabichi, na kabichi mimi sichukui.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wale wazee wako hawajambo?"

"Wazima, wana njaa tu."

Ananifungia matembele kwa wingi na mchicha kiasi. Daima anataka kuniongezea maembe yaliyolainika. Nachukua machache sana, maana matunda matamu yakizidi kobe anaharisha, na kumsafisha kobe aliyeharisha ni kazi inayokula asubuhi nzima. Mchicha nao napunguza kwa sababu nyingine: una asidi inayoshika chokaa tumboni, basi kobe anashiba huku gamba halipati chake. Chakula chao hasa ni majani makavu na mabichi, ukoka, na yale yanayoanguka mitini kisiwani. Hizi za sokoni ni kitoweo.

Saa 1 asubuhi
Boti. Changuu iko kilomita kama tano na nusu kutoka Mji Mkongwe. Maji yakiwa yamekupwa boti haifiki ufukweni, unashuka na kuvuka na mzigo kichwani. Wageni wanakiita Kisiwa cha Jela, ingawa jela iliyojengwa kule haikufunga wafungwa. Iligeuzwa karantini ya wagonjwa wa homa ya manjano.

Kobe walikuja baadaye, mwaka 1919, wanne tu, zawadi kutoka Shelisheli. Ni wa asili ya Aldabra, kisiwa cha huko huko Shelisheli, na dume mkubwa anapita kilo 200. Walizaana vizuri, kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa kuuzwa nje na wengine kwa kuliwa, hata kufikia 1996 walikuwa wamebaki saba. Ndiyo maana leo wana ua na kufuli.

Saa 1:45
Kabla ya kumwaga majani, nawakagua. Wakishaanza kula hawasimami, na ukimzuia kobe wa uzito ule utajikuta unasukumwa wewe.

Huyu dume mkubwa namjua udhaifu wake. Nikimkuna shingoni, pale ngozi inapokunjana, ananyanyuka taratibu kwa miguu yote minne, anarefusha shingo mpaka mwisho na kutulia hivyo, macho nusu yamefumba. Wakati huo naweza kuangalia kwapani, chini ya tumbo, na kwenye maungio ya gamba. Natafuta mahali palipobonyea, pametoa maji, au panaponuka. Harufu mbaya kwenye gamba ni dalili ya uozo, na uozo hupenda palipochubuka kisha pakakaa na uchafu na unyevu. Nikipaona napasafisha kwa maji safi na dawa ya iodini, namtenga mahali pakavu, na daktari wa mifugo anaitwa. Dawa za kubahatisha sina.

Watu hudhani gamba ni chombo kilichowekwa juu ya mnyama. Tabaka la nje ni la aina moja na kucha zetu, lakini chini yake ni mfupa hai uliounganika na mbavu na uti wa mgongo, wenye damu na mishipa ya fahamu. Ukimgusa kwa kijiti mgongoni anajua. Kwa hiyo brashi yangu ni laini, maji ni matupu, sabuni hakuna. Na mafuta ya nazi, ambayo kila wiki kuna mtu ananishauri nipake ili wang'ae kwenye picha, hayagusi gamba hata moja. Mafuta yanakamata vumbi tu. Zile namba za rangi ya buluu mnazoziona migongoni ni umri wao, na ningeulizwa mimi ningeziandika ndogo zaidi.

Tope la mvua silisugui lote. Wamejigaragaza kwa makusudi. Linawapoza na kuwakinga na mbu.

Saa 3
Wageni. Nawapa majani, nawaonyesha pa kusimama, nawakataza kukaa mgongoni. Mwenye hina au rangi nyekundu kwenye kucha za miguu namwomba avae viatu, kobe anaona tunda. Mzungu mmoja aliyevaa ndara leo alicheka mpaka aliposogelewa. Vifuniko vya chupa naokota mwenyewe siku nzima, maana navyo wanavionja.

Saa 6
Jua kali, wote kivulini. Kobe mkubwa akikwama juani anaweza kufa, mwili ule haupoi haraka. Najaza mabwawa yao yawe mapana na ya kina kifupi. Wakinywa wanazamisha pua, maana hawa wanaweza kuvuta maji kwa pua.

Saa 8 mchana
Hapa kwa vitoto ndipo ninapokaa muda mrefu. Gamba baya la mkubwa lilianza utotoni. Kitoto kikikulia pakavu, kikalishwa vyakula vya kukinenepesha upesi, kila kipande cha gamba kinainuka kilima, na kilima hicho hakishuki tena maisha yake yote. Basi nanyunyiza maji sehemu wanayolala, nawapa majani yaliyokatwakatwa, na nawaacha wapate jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo, kwani kioo huzuia ile miale inayowapa vitamini D. Kwa chokaa nawawekea mfupa mweupe wa dome, yule jamaa wa ngisi, ule unaookotwa ufukweni, wanaung'ata wakitaka.

Saa 9:15
Baba mmoja wa Fuoni, amekuja na wanawe, ananitolea simu. Ana kobe mdogo nyumbani, picha inaonyesha gamba la pembeni limejikunja.

"Ukilibonyeza linabonyea?"

"Linabonyea, kaka. Tunampa mkate na maziwa ili apate nguvu."

Nikamwambia aache vyote viwili leo leo. Kobe ana tumbo la majani. Ampe ukoka, matembele, majani ya mpera, maua ya haibiskasi kama anayo uani, mfupa wa dome, na jua la asubuhi pembeni mwa kivuli. Lakini gamba la kubonyea ni ugonjwa tayari, kwa hiyo daktari kwanza. Nikamuuliza na kibali cha kufuga kobe, akaangalia baharini.

Saa 11 jioni
Nahesabu vitoto mara mbili, nafunga wavu kwa ajili ya kunguru na panya, kisha kufuli kwa ajili ya watu. Kwenye boti natuma ujumbe kwa shangazi wa Darajani: kesho matembele kama leo, mchicha nusu, maembe usinitilie.