Furu wa bibi kwenye bibliografia yangu

Wiki mbili hizi nimekesha na bibliografia yenye maelezo ya kozi ya ikolojia, vyanzo vinane, kila kimoja unakiandikia aya moja, kinasema nini, walijuaje, na kitakusaidia nini kwenye mada yako. Wengi darasani walichukua ule muhtasari wa juu ya pepa (makala ya utafiti) wakageuza geuza maneno wakatuma, na inaniuma kweli maana utamu wote uko hapo kwenye "walijuaje".

Mi nilichagua furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nimekulia Mwanza na bibi kila siku anawataja. Nikaanza na pepa ya Witte na wenzake ya 1992, hawa ni watafiti waliokuwa wakivua kwa trola (wavu unaokokotwa na chombo) Ghuba ya Mwanza na kuhesabu wanachopata, wakaona kwamba kati ya aina 300 na zaidi za furu kama 200 zimeshapotea au ziko hatarini, na sangara waliopandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60 ndo walikuwa wamejaa. Nikaandika fasta, sangara kawamaliza, basi.

Alafu nikakutana na Seehausen 1997 kwenye jarida la Science. Huyu anasema jike la furu linachagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka kwa rutuba nyingi mwanga unapungua, jike halitofautishi tena rangi, aina zinachanganyikana mpaka zinakuwa kitu kimoja, yaani furu anaweza kupotea bila kuliwa na mtu wala sangara! Ikabidi nirudi kwa Witte nifute maelezo yote nianze upya, sio kwamba alikosea, ila kuhesabu samaki wavuni kunakuonyesha wamepungua, sababu zote hakukuonyeshi.

Kwa hiyo sahivi naanza kusoma sehemu ya mbinu kabla ya matokeo. Na pepa ikidai hela usikate tamaa, kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za utafiti, chini ya pepa nyingi kuna matoleo mengine, mara nyingi PDF ya bure iko humo.

Jana usiku nikampigia bibi, nikamuuliza maji ya zamani yalikuwaje. Akasema, "Mjukuu wangu, ulikuwa unasimama maji ya kiunoni unaona vidole vyako vya miguu." Kwenye vile vinane hayumo, ila nimemwandika kwenye daftari, pembeni ya Seehausen.