Ruta mbili, laini mbili, na dakika nne za kungoja

Mzee aliponipigia simu hakunisalimia. "Fundi, ulisema ikikata huku inahamia kule yenyewe. Leo tumekaa dakika nne tunatazamana." Ni ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, watu tisa, na kazi yao karibu yote iko mtandaoni: kuingiza nyaraka za mizigo, kutoa namba za malipo, kuwajibu wateja wa Lubumbashi na Lusaka wanaotaka kujua kontena limefika wapi. Dakika nne pale ni nyingi.

Kazi niliifunga mwenyewe. Ruta A inatumia fiba ya mtoa huduma mmoja, ruta B inatumia laini ya simu ya mtoa huduma mwingine. Zote ni za kampuni ya MikroTik, zimechomekwa kwenye swichi moja, na zinaongea VRRP, yaani zinapokezana anwani moja ya IP ambayo kompyuta zote zinaijua kuwa ndio mlango wa kutokea. Mwenye cheo kikubwa ndiye anayeishika. A nilimpa 200, B nikamwachia 100 aliyotoka nayo kiwandani. Kila sekunde A anatangaza kwamba yupo. B asiposikia chochote kwa sekunde 3.6 hivi anakalia kiti. Nilikuwa pia nimemwagiza A ajishushe hadi 50 endapo tundu lake la fiba litakufa.

Siku ya kukabidhi nilichomoa umeme wa A mbele ya Mzee. Pingi tatu, zile hodi fupi ambazo laptop hupiga mtandaoni ikingoja jibu, zikapotea, ya nne ikajibu. Tukapeana mikono, nikalipwa.

Nilipofika kukagua nikaanza na kumbukumbu za ruta. Tundu la fiba lilikufa saa 4:17 asubuhi, na ndani ya sekunde nne B alikuwa kitini. Sekunde nne! Nikajiona nimeshinda kesi, nikawa natafuta namna ya kumweleza Mzee kwa adabu kwamba saa yake inakimbia. Bahati nzuri nilimuuliza kwanza dada wa mapokezi mtandao ulikata saa ngapi.

"Saa nne na dakika kumi na tatu. Nilikuwa natuma barua pepe."

"Halafu?"

"Halafu nikangoja, nikaona haurudi, nikazima kile kiboksi cheupe kama siku zote."

"Siku zote?"

"Ndiyo kaka. Ukikizima ukakiacha, mtandao unarudi. Ukikiwasha mapema unakata tena."

Nilikaa chini. Kumbe ule uhamaji wa kujiendesha niliolipwa kwa ajili yake alikuwa anaufanya yeye kwa mkono, miezi miwili, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Kiboksi cheupe ndicho kinachopokea fiba na kuigeuza iwe waya wa kawaida unaoingia kwenye ruta. Fiba ikikatwa huko barabarani na wachimba mitaro, kiboksi chenyewe bado kina umeme. Kinawasha taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga wa fiba haufiki tena, lakini waya kati yake na ruta unabaki hai. Kwa A hakuna kilichoharibika: tundu linawaka, na hata akipingi lango lake linajibu, kwa sababu lango hilo ni kiboksi chenyewe, kiko mezani hapo hapo. Anaendelea kushika kiti na kumwaga data zote kwenye shimo. Dada akizima kiboksi, tundu linakufa, A anajishusha, B anapanda. Akikiwasha, tundu linafufuka, A anarudi kitini na shimo lake.

Safari hii sikugusa umeme. Nilichomoa fiba yenyewe, ile yenye kichwa cha kijani, nikaacha pingi ikikimbia kwenye laptop. Dakika kumi zilipita, hakuna aliyehama.

Dawa ni kumfanya A aulizie mbali, nje kabisa ya mtandao wa mtoa huduma. Niliandika skripti, programu fupi ya ndani ya ruta, inayopingi anwani mbili, 8.8.8.8 na 9.9.9.9, kupitia fiba. Mbili, kwa sababu moja ikilala usiku kwa sababu zake sitaki ofisi ihame bure. Mwanzoni nikawa na pupa: pingi moja ikikosekana kwa sekunde moja, hama. Mchana huo mtandao ukawa daladala, unashusha hapa unapakia pale, na mkutano wa video wa Mzee ukakatika hadi akaufunga kwa hasira. Fiba nzima kabisa hupoteza pingi moja moja, ni kawaida. Nikabadilisha: pima kila sekunde tatu, na anwani zote mbili zikikosa mara tatu mfululizo ndipo A ajishushe. Kurudi nikakufanya kugumu zaidi, fiba ijibu dakika tatu bila kukosa ndipo A apewe cheo chake.

Nikachomoa tena. Pingi ya laptop ikarudi baada ya sekunde kumi na tatu. Lakini dada hakufungua tovuti yoyote hadi dakika moja na nusu ikapita.

Hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pote, na kosa lilikuwa langu. Namba zinajibu, majina hayafunguki: ukiona hivyo itazame DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nilikuwa nimeziachia kompyuta zitumie DNS za mtoa huduma wa fiba, na hizo huwajibu wateja wake tu. Swali likiletwa kupitia laini ya mtoa huduma mwingine halijibiwi, na kompyuta inakaa ikingoja, inarudia, inangoja tena kabla ya kukata tamaa. Nikaziambia kompyuta zote ziulize ile anwani ya VRRP, na ruta yoyote iliyo kitini iulize DNS za wazi, zinazomjibu yeyote. Ile dakika na nusu ikaisha palepale.

Ikabaki simu ya mezani, ile inayopitia intaneti. Kupiga ilikuwa inapiga, ila zinazoingia hazikuita. Simu hizi hujiandikisha kwa seva na kusema "niko anwani hii", na yetu ilikuwa inarudia kujiandikisha kila sekunde 3600. Tukihama, seva inaendelea kuitafuta kwenye anwani ya fiba iliyokufa, na inaweza kuitafuta saa nzima. Nikashusha hadi sekunde 60.

Kuna ambalo ruta haziwezi kuliponya. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, mimi nyumbani nilikuwa na laini mbili za watoa huduma wawili na zote zikapooza pamoja. Nilimwambia Mzee awaulize watoa huduma wake data zao zinatokea kwa waya upi. Halafu anwani kama zile ninazopingi hutangazwa kutoka sehemu nyingi duniani, kwa hiyo inaweza kukujibu iliyo karibu wakati njia ya ng'ambo imekufa. Nikaongeza ya tatu, ya seva ninayoikodi Ujerumani.

Wiki iliyopita dada alinipigia. "Kaka, ile taa nyekundu imewaka. Nizime?"

"Mtandao umekata?"

Kimya kidogo. "Hapana. Nimeona taa tu."

"Basi usizime."

"Na Mzee nimwambie?"

Nilimwambia amwache afanye kazi.