Baba, kama huko juu hakuna graviti, mwezi umeshikwa na nini?

Hilo swali nimeulizwa na mtoto wa miaka saba, usiku, akiwa tayari kashajifunika shuka, na nikwambie ukweli sikua na jibu.

Ilikua hivi. Tunasoma kitabu cha anga za juu, vile vikubwa vyenye jalada gumu na picha zinang'aa, mi nasoma yeye anafungua kurasa. Ukurasa mmoja unasema mwezi unaizunguka dunia kwa sababu graviti ya dunia, yaani nguvu yake ya kuvuta vitu, inauvuta. Sawa. Kurasa mbili mbele kuna picha ya wanaanga wanaelea ndani ya kituo chao, nywele zimesimama utadhani wamepigwa shoti, na chini yake imeandikwa eti wanaelea kwa sababu anga za juu hakuna graviti. Nikasoma vizuri tu na sauti yangu ya kusomea hadithi, nataka tuendelee, binti yangu akaukandamiza ukurasa na mkono. Ndo akauliza hilo swali la hapo juu. Kitabu kimoja, kurasa mbili, vinapingana, na aliyeona ni mwenye meno mawili yaliyong'oka, sio mimi niliyesoma miaka yote ile na fizikia ndani yake.

Nikamwambia tutaangalia kesho, lala. Yeye akalala. Mimi nikabaki na simu mpaka saa saba usiku.

Kumbe kituo cha anga za juu kipo kama kilomita 400 tu kutoka hapa chini, na pale graviti ipo, tena ipo kama asilimia 90 ya hii inayotuweka sisi kwenye kiti. Yaani ungekua na ngazi ya kilomita 400 ukapanda mpaka mwisho ukasimama, usingeelea hata kidogo, ungesimama kawaida umepungua uzito kidogo tu. Wale wenzetu wanaelea kwa sababu WANAANGUKA. Kituo kinaanguka, wao ndani wanaanguka, mswaki wao unaanguka, vyote kwa pamoja, ila wakati huohuo kinakwenda mbele karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwahiyo kila kikishuka dunia nayo inajipinda chini yake, na kinaikosa. Kinaikosa tena. Kila dakika 90 kinamaliza mzunguko mzima wa kuikosa dunia. Na mwezi habari yake ni hiyohiyo, unaanguka na kuikosa, taratibu zaidi.

Sasa mwambie hivyo mtoto. Nilijaribu na mpira, na kamba, akanitazama tu kwa huruma. Kilichofanya kazi ni chupa ya plastiki. Toboa tundu dogo karibu na kitako, ziba na kidole, jaza maji, usiweke kifuniko. Ukitoa kidole maji yanaruka nje, kila mtu anajua. Sasa panda juu ya kiti, shika chupa, toa kidole na uiachie ianguke. Angalia lile tundu wakati chupa ipo hewani. Maji yanaacha kutoka! Kwa sababu chupa na maji vinaanguka pamoja, hakuna anayemsukuma mwenzake. Tumerudia labda mara kumi na tano, nje, na bado tuliingia ndani tumelowa na mama yake hakufurahi. Binti akasema "maji yamesahau kutoka". Sijaona mwandishi yeyote aliyeeleza vizuri kuliko hivyo.

Tangu siku hiyo nimekua mtu wa ajabu kidogo, kila kitabu cha watoto cha anga za juu nikikiona nakifungua kutafuta ukurasa wa kuelea. Ndo mtihani wangu. Kikisema "hakuna graviti" simaanishi nakitupa, lakini najua mwandishi alikua anakopi kwa mwenzake.

Ila vitabu vingi vina shida nyingine kubwa zaidi, navyoona mimi. Vinajua kwenda, havijui kuishi. Roketi inapewa nusu ya kitabu, moto, moshi, kuhesabu kumi mpaka sifuri, kurasa za kukunjua, wakati roketi kutoka ardhini mpaka kufika kwenye obiti, ile njia ya kuizunguka dunia, ni kama dakika tisa tu. Dakika tisa! Alafu kuishi, ambako watu wapo juu ya vichwa vyetu bila kukatika tangu Novemba 2000, wanakula, wanaumwa mafua, wanafuta vumbi, wanasherehekea bethidei, hiyo inapewa ukurasa mmoja mwishoni na picha ya mtu kashika apple linaelea. Na mtoto anachotaka kujua ni hicho hasa. Muulize mtoto yeyote swali la kwanza kuhusu mwanaanga, hatauliza roketi inatumia mafuta gani. Atauliza choo.

Choo basi. Kitabu bora tulichonacho nyumbani kina kurasa nne za choo na zimeshachakaa kuliko zote. Choo cha kule kinavuta kwa upepo, kama mashine ya kufyonza vumbi, maana bila hivyo kila kitu kinaelea na hapo sitaki hata kuwaza. Mkojo haumwagwi, unasafishwa unarudi kuwa maji ya kunywa, pamoja na jasho na hata unyevu wa pumzi zao, na mwaka 2023 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walitangaza mfumo wao umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Binti yangu alikaa kimya muda mrefu sana hapo. Alafu akauliza kama na mkojo wa mwenzako unaunywa. Ndiyo mwanangu, na wa mwenzako.

Na kuna kisa cha Alan Shepard ambacho sijui kwanini hakipo kwenye kila kitabu. Mei 1961, anatakiwa awe Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, safari yenyewe ni ya dakika 15, kwahiyo hakuna mtu aliyefikiria mambo ya haja ndogo. Kurusha kukachelewa, akakaa amefungwa kwenye kiti zaidi ya masaa manne. Mwisho akawaomba, wakazima vipimo vya umeme vilivyokua mwilini mwake, akajikojolea ndani ya suti. Leo wakati wa kuruka na wakitoka nje ya kituo wanavaa pampasi, watu wazima na digrii zao. Nikimsomea mtoto hii anacheka mpaka anakohoa, na kumbukeni siku hiyo anaijua kwa mwezi na mwaka, bila mimi kumkaririsha.

Mambo ya namna hii yapo mengi. Machozi hayadondoki, yanajikusanya kwenye jicho kama tone kubwa linaganda pale. Mkate wa kawaida hawapendi kupeleka kwa sababu ya makombo, yanaelea yanaingia kwenye mitambo na machoni, wanatumia mikate bapa laini ile ya kukunja, na chumvi inakua ya maji. Unalala kwenye mfuko uliofungwa ukutani, na lazima hewa ipulizwe, la sivyo hewa uliyopumua inabaki imezunguka kichwa chako hapohapo. Masaa mawili kila siku mazoezi, sio kwa ajili ya kupendeza, mifupa inakwisha usipofanya. Jua linachomoza mara 16 kwa siku, kwahiyo ile ya "jua limezama kalale" haifanyi kazi, wanafuata saa tu.

Kitu kingine kinanikera ni michoro. Dunia kadogo kule nyuma kama gololi na kituo mbele yake kimetulia peke yake mbali kabisa. Chukua mpira wa miguu, huo ndo dunia. Kituo kipo wapi? Hakifiki hata sentimita moja kutoka kwenye ngozi ya mpira. Milimita saba hivi. Mwezi sasa, chukua mpira mdogo kidogo kuliko wa tenisi, tembea hatua mpaka ufike mita sita na nusu hivi, weka hapo. Jua liache, utahitaji kitu cha upana wa mita 24 ukiweke kilomita mbili na nusu kutoka hapo ulipo. Nilipomwonyesha hii sebuleni aliutazama ule mpira, akautazama mwingine kule mlangoni, akasema "kwahiyo wale wa kituoni hawajaenda popote". Nikacheka, ila ana hoja. Walioenda kweli mbali wakakanyaga mwezi kati ya 1969 na 1972 ni watu 12 tu.

Vitabu vya kuishi Mirihi, sayari ile wengine wanaiita Mars, hapo ndo kuna vituko. (Nalipenda jina Mirihi, na Zohali yaani Saturn, na Mshtarii yaani Jupiter, yanasikika kama watu wa kwenye hadithi za kale, mtoto naye ameyashika haraka kuliko nilivyotegemea.) Mchoro ni uleule kila kitabu: mabanda ya vioo, watoto ndani na tisheti, bustani ya nyanya, kwa nje vumbi jekundu. Mirihi mgandamizo wa hewa yake haufiki asilimia moja ya huu wa hapa, baridi kwa wastani kama nyuzi 60 chini ya sifuri, na haina ngao ya sumaku kama yetu ya kuzuia mionzi, kwahiyo nyumba ya maana kule huenda ikawa imefukiwa chini ya udongo au ndani ya pango. Nyumba ya panya buku sio ya kioo. Nilidhani hiyo itamkatisha tamaa, kumbe ndo alipenda zaidi, shimo!

Kitabu kimoja kina mtoto yupo Mirihi anaongea na bibi yake kwa simu ya video, wanacheka pamoja. Haiwezekani jamani. Ujumbe unachukua kati ya dakika tatu na 22 kufika, inategemea sayari zimekaaje. Mirihi ikiwa mbali, ukisema "shikamoo bibi" marahaba yake inakufikia baada ya dakika 40 na kitu. Sasa tumeugeuza mchezo. Ananisalimia asubuhi akiwa anavaa soksi, natakiwa nikae kimya, alafu katikati ya jambo lingine kabisa naitika "marahaba". Anapenda pia kwamba siku ya kule ina dakika 40 zaidi ya yetu, anataka azitumie kabla ya kulala. Alichokataa ni mwaka wa siku 687, maana nilimpigia hesabu nikamwambia kwa miaka ya Mirihi hajafika hata minne.

Angalieni pia mwaka wa kuchapwa. Hivi vitabu vinazeeka haraka kuliko mkate. Kuna kimoja bado Pluto ni sayari ya tisa, na hiyo ilibadilishwa 2006. Miezi ya Zohali ndo usiseme, mwaka 2025 imefika 274, na kitabu changu kinasema 62 kwa kujiamini kabisa. Na vile vya zamani wanaanga wote wanaume, wakati Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, alizunguka dunia mara 48 peke yake mwaka 1963.

Nimalizie na Laika, kwa sababu hapo ndo nilikwama kweli. Kitabu kina picha ya mbwa mzuri kavaa mkanda, imeandikwa Novemba 1957 alikua kiumbe wa kwanza kuizunguka dunia, akawa shujaa. Ukurasa umeisha. Binti akageuza, akarudi, akageuza. "Alirudi lini?"

Mwandishi kakimbia kaniachia mimi. Nikamwambia. Warusi waliomrusha hawakuwa na njia ya kumrudisha na walijua hivyo kabla hajapanda. Sikumwambia lile joto, kwamba alikufa ndani ya masaa machache na hilo likawekwa wazi 2002, hiyo nimeiweka mpaka akue. Alilia, na mimi nikaanza kujiuliza kama nimekosea, ningeweza tu kusema sijui. Kesho yake akakileta kitabu mwenyewe.

Siku hizi ukurasa huo anaufungua, anaugusa mbwa kichwani, anapita. Anataka twende kwa Belka na Strelka, mbwa wengine wa Warusi, walioruka Agosti 1960 wakarudi salama kesho yake, na baadaye Strelka akazaa watoto sita. Mmoja, Pushinka, Warusi wakampa zawadi familia ya rais Kennedy. Hilo kitabu hakina, nimeongezea mimi, na sasa siruhusiwi kulisahau. Juzi kaniuliza kama Pushinka naye alizaa. Nikaenda kutafuta. Alizaa, wanne, na mbwa wa hukohuko Ikulu ya Marekani. Akataka majina.