Dijei aliponiuliza rangi yangu

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu hapa Arua, Uganda, nilimwendea dijei nikamwomba wimbo wa Bobi Wine, mwimbaji aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani. Wa zamani, wa mapenzi, hauna siasa hata neno moja. Kijana alipunguza sauti ya spika, akanitazama shati, akaniuliza: "Mjomba, wewe ni wa rangi gani?"

Nilidhani anauliza sare za harusi. Akanionyesha kwa kidevu meza ya mbele: wakubwa wa njano, yaani chama tawala cha NRM, ndio waliotoa ng'ombe wawili. Nyuma kidogo walikaa vijana wanaojulikana kuwa wa nyekundu, rangi ya wafuasi wa Bobi Wine. "Nikiweka huo, meza moja itasimama, nyingine itaondoka. Spika si zangu, mjomba."

Niliondoka nchini mwaka 2014. Nyinyi wenzangu mlio nje mnakumbuka tulivyogombana juu ya waimbaji wakati ule: Bebe Cool, Chameleone au Bobi Wine, nani mkali? Tuligombana mpaka chai ikapoa, halafu tukacheza nyimbo za wote watatu. Aliyempenda Chameleone kwa Kiswahili chake hakuulizwa kadi ya chama.

Dada anasema mambo yaligeuka mwaka 2015, wasanii wakubwa walipokusanyika kumwimbia Rais Museveni "Tubonga Nawe" kuelekea uchaguzi wa 2016. Muziki kutumika kwenye kampeni haukuwa mgeni. Mzee mwenyewe alitoa rap mwaka 2010, nasi tukaicheza bila kinyongo. Lakini mara hii mashabiki wengi waliona wameuzwa, wakawasusia waimbaji waliowapenda. Mwaka 2017 Bobi Wine akaingia Bungeni, na tangu hapo matamasha yake yakawa yanazuiwa. Jumatatu ya Pasaka 2019 polisi walizuia lile la Busabala. Septemba mwaka huohuo bereti nyekundu, zilizovaliwa na wafuasi wake, zikatangazwa kuwa vazi la jeshi.

Hapa Arua kuna jingine, na ndilo lililonikosesha usingizi. Agosti 2018, kwenye kampeni za uchaguzi mdogo wa mji huu, dereva wa Bobi Wine alipigwa risasi akafa, na yeye mwenyewe akakamatwa pamoja na wabunge wenzake. Mimi niliyasoma kwenye simu, mbali. Dada alikuwa sokoni, akafunga kibanda akakimbia na mtoto mgongoni. Ndipo nikaelewa kwamba yule dijei hakuwa akinichezea. Sauti ya mtu mmoja imefungamana na mbio za siku ile, hata anapoimba juu ya msichana.

Mpwa wangu anabisha. Anasema vijana wanataka kucheza tu, wanafuata muziki wa Nigeria na amapiano ya Afrika Kusini, serikali haihusiki. Kuna ukweli. Lakini msanii anahitaji kibali ili apande jukwaani, na kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kumbi za starehe zilifungwa kwa ajili ya korona. Mtu aliyekaa karibu miaka miwili bila jukwaa ataimba nini akifunguliwa? Ataimba kiuno. Agosti 2024 mwimbaji Eddy Kenzo akateuliwa mshauri wa Rais wa mambo ya wasanii. Simwonei gere, na wasanii wanahitaji mtu wa kuwasemea kuhusu hakimiliki. Ila mtoto anayeanza kuimba leo anaona wazi mlango upi unafunguka na upi unapigwa kufuli. Mwimbaji marehemu Paulo Kafeero alikuwa na nafasi ya kusimulia maisha yetu kwa wimbo mrefu kama safari ya kwenda Kampala. Nimesikiliza redio wiki tatu sasa, sijasikia kijana anayethubutu.

Wewe unayepanga kurudi: kwenye taksi usiombe wimbo kabla hujamjua dereva. Nauma meno kuandika hivi kwa watu wangu.

Dijei alituwekea wimbo wa Kongo. Maneno yake hayakumgusa mtu pale, basi meza zote mbili zikainuka, njano na nyekundu wakichanganyika vumbini. Dada akanivuta mkono. Nikamwambia magoti yananiuma.