Jiaozi za pembe tatu

Mama yangu alikuwa na neno lake kuhusu sambusa zangu: "Za huyu zinakwenda kuoga." Alimaanisha kwamba zikigusa mafuta tu zinavua nguo. Kila Ramadhani jikoni kwetu Tanga mama alisukuma manda, dada akakunja, mimi nikapewa kibakuli cha uji wa unga wa kugandishia nikoroge. Kazi ya mtoto wa miaka sita, na mimi nilikuwa na kumi na minane. Niliikubali kama mtu anavyokubali kimo chake. Sikujua kwamba mkono huo huo ungekuja kuitwa tena mbele za watu, tena ugenini, Tianjin, mji wa kaskazini mwa China, usiku wa tarehe 30 Januari 2014.

Nilikuwa na miezi mitano China. Mwaka wa kwanza wa ufadhili wangu ulikuwa wa kujifunza lugha tu, na lugha yenyewe bado ilikuwa inanipiga chenga. Chuo kilifungwa kwa likizo ya baridi, bweni likabaki na sisi wageni wachache tunaopishana korido tukiwa tumevaa makoti ndani. Mgahawa wa chakula cha halali pale chuoni, ambao kusema kweli ndio ulionilea, ulishusha mlango wake wa chuma wiki mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Nikawa naishi kwa mkate na mayai ya kuchemsha kwenye birika la umeme. (Inawezekana. Usiwaambie wenye bweni.)

Binti mmoja mwenyeji, tuliyezoeana kwa kubadilishana masomo, yeye akitaka Kiingereza mimi nikitaka Kichina, akanialika kwao kwa mkesha. Nilisita. Kule ukitaja nyama bila kuongeza neno, ni ya nguruwe, na jiaozi, zile andazi ndogo za kuchemsha zinazoliwa mkesha wa mwaka mpya kaskazini mwa China, nilizijua kwa nguruwe na kabichi. Nikaanza kujiumauma, naumwa kidogo, nina kazi ya darasani. Akanikatiza. "Kwetu usiku huo tunakula su."

Su ni chakula cha mboga tupu. Watu wa Tianjin wana mila yao: jiaozi za kuingilia mwaka haziwekwi nyama, haziwekwi yai, wala samaki, ili mwaka mzima uwe su su jing jing, mwaka safi uliotulia, usio na makorokoro. Kwa hiyo si kwamba walikuwa wananipikia chakula cha mgonjwa. Walikuwa wanakula hivyo tangu zamani, na mimi ndiye niliyekuja kuangukia humo. Nilinunua kilo mbili za machungwa, nikapanda basi.

Jikoni kulikuwa kudogo, dirisha limejaa mvuke, na joto la mabomba ya ukutani likanifanya nivue koti, sweta, na sweta ya pili. Bibi mzaa baba wa rafiki yangu, Nainai kama wanavyoita, alikaa kwenye kiti kifupi mbele ya kibao. Mama yake nilimwita Ayi, neno linalomfaa mwanamke yeyote wa rika la mama yako. Unga ulikuwa umeshakandwa kwa maji baridi na chumvi chembe, umefunikwa kitambaa kibichi. Nikauliza, kwa Kichina changu cha kuokoteza, kama umelazwa. Wakaangaliana. Kwetu unga ukishakandwa unaulaza, unauacha ulale ulainike. Kumbe wao kitendo hicho hicho wanakiita kuuamsha. Nainai alicheka mpaka akafuta macho na mkono wa unga. "Basi kwenu umelala," akasema, "huku umeamka. Ndiyo maana mko nyuma kwa saa tano."

Mjazo ulikuwa kazi ya Ayi na hakutaka msaidizi. Choroko zilizochipua, zimepitishwa maji ya moto na kukamuliwa. Kabichi la kichina lililokatwakatwa, nalo likakamuliwa ndani ya kitambaa mpaka mishipa ya mikono yake ikasimama. Uyoga mweusi mwembamba uliorowekwa, unaofanana na sikio. Tofu ngumu ya kahawia. Vipande vya karatasi laini ya wanga wa choroko. Na kitu kimoja nilichokidhania nyama, kwa sababu kinatafunika kama nyama: ni unga wa ngano uliooshwa majini mpaka wanga wote ukatoka, ikabaki nta yake inayovutika, halafu ikakaangwa. Mwisho giligilani nyingi, kwa harufu nikajiona niko soko la Ngamiani. Akamimina kwanza mafuta ya ufuta, akageuzageuza, akaniambia mafuta yanaivika mboga nguo ili chumvi isije ikatoa maji. Kwa hiyo chumvi inakuja mwisho kabisa. Hilo nimelifanya hadi leo, hata kwenye kachumbari ya kusubiri wageni.

Kisha akatoa vitu viwili ambavyo, kwa maelezo yake, bila hivyo jiaozi si za Tianjin: uji mzito wa ufuta, na kichupa cha tofu nyekundu iliyochachushwa. Ufuta ulinifurahisha. China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania, nikawaza huenda huu ulipita bandarini Dar es Salaam kabla yangu. Kichupa nikakichukua nikisome, kwa ushamba tu wa mwanafunzi anayesoma kila kibandiko kinachopita mbele yake. Na pale katikati ya maandishi nisiyoyajua nikaona herufi ninayoijua. Kushoto matone matatu ya maji, kulia mtungi. Jiu. Pombe. Niliijua kwa sababu imebandikwa kwenye mabango ya hoteli karibu zote mjini, na wiki yangu ya kwanza niliamini kila hoteli ni baa.

Nilikirudisha kichupa mezani taratibu. Sikusema kitu. Mimi ni mgeni, watu wananiandalia sikukuu yao, nianze kusoma viungo kama afisa wa forodha? Nilishapanga kula chache, na kumuomba Mungu msamaha kwa nitakachokula nikijua. Lakini Ayi alikuwa ananitazama kidole. Akakichukua kichupa, akakisogeza mbali na macho kama wasomavyo watu wa umri wake, akasoma mstari ule ule. "Mvinyo wa mchele," akasema. Akavuta bakuli la pili kabatini, akagawa mboga: fungu kubwa huku, fungu dogo kule. Kwenye dogo akatia uji wa ufuta na chumvi, basi. Hakuna aliyetoa hotuba. Nainai peke yake aliguna kwamba fungu la pili halitakuwa na ladha ya mwaka mpya, Ayi akamjibu kitu kwa haraka ambacho sikukipata, na rafiki yangu akakataa kunitafsiria.

Ndipo nilipoiona sufuria. Ilikuwa mpya. Kibandiko cha bei kimekwanguliwa nusu, nusu kimeng'ang'ania ubavuni. Sikuwa nimewaomba sufuria.

Tukaanza kusukuma. Donge linaviringishwa kuwa kamba, linakatwa vipande vya ukubwa wa jicho la ng'ombe, kila kipande kinabonyezwa kwa kiganja, halafu mti. Mti wao ni mwembamba na mfupi, kama ule wa kutwangia kahawa ukiwa umekonda. Mkono wa kulia unasukuma kutoka ukingoni hadi katikati na kurudi, wa kushoto unazungusha, unasukuma, unazungusha. Ngozi ikimalizika, kingo ni nyembamba, katikati imebaki nene kidogo ibebe mjazo. Nainai alitoa moja kila sekunde chache huku akiangalia tamasha la televisheni sebuleni, lile la mkesha linalorushwa kila mwaka tangu 1983. Hakutazama mikono yake hata mara moja.

Hapo nilijitahidi. Mimi chapati naijua. Kilichonishinda ni kufunga. Jiaozi inakunjwa nusu mwezi, kisha upande mmoja unafinywa marinda, marinda, marinda, hadi mwisho, ikae yenyewe kwenye ungo wa mabua ya mtama na tumbo mbele, mfano wa vipande vya fedha walivyotumia zamani kama pesa. Unakula utajiri, ndiyo maana yake. Za kwangu zilikaa kama mlevi kwenye kiti. Moja ikachungulia mboga kabla hata ya kufika kwenye ungo. Rafiki yangu alinishika vidole, akanikunjia pamoja naye, tukatoa moja nzuri. Ya pili peke yangu ikafumuka. Nikasikia sauti ya mama toka Tanga: zinakwenda kuoga.

Tatizo likawa jingine. Mafungu mawili ya mjazo, sura moja. Zikichanganyika kwenye sufuria, nani atajua ya mgeni ni ipi? Ayi akasema tuchemshe kwa zamu. Nainai akakataa, usiku wa manane jiaozi zinaingia pamoja, watu wa nyumba moja wanakula pamoja. Akanigeukia mimi. "Kwenu hamkunji chochote?"

Tunakunja, nikasema. Lakini mimi siwezi.

"Onyesha."

Basi nikachukua ngozi, nikaweka mjazo, nikainua pande tatu zikutane juu, nikafinya mishono mitatu. Si sambusa ya kweli, sambusa inataka utepe wa manda na mkono wa dada yangu. Lakini ilikuwa pembe tatu, na imefunga. Nikafanya nyingine. Imefunga. Ule unga wa maji baridi ulikuwa unashikana wenyewe, hautaki uji wa kugandishia, na vidole vyangu vizito ndivyo hasa vilivyohitajika kuubana. Nainai aliinyanyua moja akaigeuza kwenye mwanga. "Tang sanjiao," akasema, ile mikate yao ya mvuke ya pembe tatu yenye sukari guru. Halafu: "Na hii ni pesa ya nchi gani?"

Nilikunja ishirini na sita. Sijawahi kuhesabu kitu nilichokunja kabla ya hapo.

Dakika kadhaa kabla ya saa sita usiku fataki zilianza, na sidhani kama naweza kuwaeleza watu wa kwetu kelele ile. Siku hizo mjini Tianjin zilikuwa bado zinaruhusiwa. Vioo vilitikisika, ving'ora vya magari vikalia mtaa mzima, na katikati ya hayo Ayi amesimama juu ya sufuria yenye nusu kibandiko. Zikichemka anatia kikombe cha maji baridi, mchemko unashuka, zinachemka tena, anatia tena, ili ngozi ziive bila kupasuliwa. Zilianza kuelea, nusu mwezi na pembe tatu zikigongana. Mbili za kwangu zilifumuka. Mbili tu. Ayi aliziopoa kwa upawa wa matundu, akazila mwenyewe pale pale akiwa amesimama, mjazo wenyewe na maji yake.

Zilikuwa tamu kwa namna ya utulivu. Ufuta unakuja kwanza, giligilani inafuata, halafu ile nta ya ngano inakudanganya. Tulichovya kwenye siki yenye vitunguu saumu vya kijani, vilivyozamishwa humo tangu mwanzoni mwa Januari hadi vikageuka rangi ya jani la mgomba. Nilikula kumi na tano.

Kwetu ilikuwa saa moja na kitu usiku. Nilikuwa na kadi ya simu, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kelele, kuna vita huko?"

Nikamweleza. Mwaka mpya wao, mboga, pembe tatu. Akanyamaza kidogo. "Zilifumuka?"

"Mbili."

"Mbili kati ya ngapi?"

"Ishirini na sita."

Kimya kirefu, hadi nikadhani kadi imekwisha. "Mafuta yalikuwa ya moto vizuri?"

"Hatukukaanga, mama. Tumechemsha."

"Sambusa ya kuchemsha?" Sauti yake ilipanda kama nimemwambia nimeolewa bila kuaga. "Mwanangu, hao watu hawana mafuta?"

Nainai alitaka kujua mama anasema nini. Nikatafsiri, kwa adabu nilivyoweza. Hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa hoja ya kufikiria.

Mabasi yalikuwa yamekwisha, nikalala kwenye kochi. Asubuhi niliamshwa na sauti ninayoijua kuliko wimbo wowote, mafuta yanapolia. Nainai alisimama mbele ya kikaango, na ndani yake pembe tatu zangu tisa zilizobaki, zimepangwa duara, chini zimeshashika rangi ya dhahabu. Hakuna iliyofumuka.

"Mpigie mama yako," akasema bila kugeuka.

Nikamwambia kwetu bado ni saa tisa usiku, amelala.

"Basi kula kwanza."