Mkono Juu ya Tumbo

Kabla ya kuanza kozi ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya hapa Kenya, niliruhusiwa kumfuata sista mmoja wa leba katika hospitali ya umma hapa Mombasa. Masharti: usiguse kitu, usipige picha, usitoke na jina la mgonjwa mdomoni, na mama asipokutaka chumbani, ondoka. Sista alimwuliza kila mama mbele yangu, "Huyu binti anakwenda kusomea kazi hii. Akae au atoke?" Wapo waliosema nitoke, nikatoka.

Mama mmoja wa Kisauni, uzazi wake wa tano, alinitazama akasema, "Kaa, mdogo wangu, ujionee."

Hakuchukua muda. Mtoto alitoka analia, akapanguswa, akawekwa kifuani kwa mamake, akafunikwa leso. Sista akapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha akamchoma mama pajani oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo la uzazi, yuniti 10, kabla dakika haijaisha. Kondo la nyuma lilipotoka aliligeuzageuza kwenye beseni, upande huu na upande huu, akitafuta kama kuna kipande kilichobaki ndani. Huko nje nyanya wa mtoto alikuwa ashapiga vigelegele na baba anaitwa aje kumwadhinia mwanawe. Kwao wao, kazi ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipouona uuguzi. Kila baada ya robo saa sista alirudi, akaweka mkono chini kidogo ya kitovu, akabonyeza. Alinieleza bila kuniangalia: tumbo la uzazi likijikaza vizuri huwa gumu kama dafu, na kule kujikaza ndiko kunakoibana mishipa ya damu pale kondo lilipobanduka. Likilegea, mishipa inabaki wazi. Damu ikifika nusu lita baada ya uzazi wa kawaida, hiyo tayari ni hatari, na mama aliyezaa mara nyingi ni wa kuchungwa zaidi.

Mama yule alikuwa ametulia. Hakulalamika, wala hakuomba kitu. Alisema tu kwamba anahisi usingizi.

Sista akafunua leso. Pedi ilikuwa imeloa chapachapa na damu imeshuka hadi kwenye mpira wa kitanda. Akaweka mkono tumboni, akaanza kukanda kwa nguvu, huku akimwita mwenzake: "Anavuja! Lete dripu, mwite daktari." Sauti ilikuwa kubwa, ila mikono haikutetema. Mwenzake akatia dripu na dawa, mtoto akapokewa. Sista akabonyeza juu ya kinena, akasema, "Kibofu kimejaa." Wakapitisha mpira wa mkojo, na mkojo ukajaza mfuko nikiona. Kibofu kilichofura hulizuia tumbo la uzazi lisijikaze. Sikuwahi kufikiri kwamba mkojo wa kawaida tu unaweza kuwa sehemu ya hatari ya namna hii. Alikanda tena, akasita, akabonyeza. "Limekaza."

Daktari alipofika alimkuta mama anauliza mtoto yuko wapi.

Baadaye, tukinywa chai, nilimwuliza sista alijuaje. "Mwanangu, huyu alikuwa akizungumza na mtoto wake. Aliponyamaza akasema ana usingizi, nikafunua." Akarudi kwenye faili kujaza presha, mpigo wa moyo na kiasi cha damu.

Nilikuwa nimeingia pale nikiupenda uuguzi kwa ajili ya watoto wachanga, kama wengi wetu. Nilitoka nikiwaonea uchungu akina mama, maana sisi kwetu mtoto akilia tu, macho yote humwendea yeye, uzito wake na jina lake, na aliyemzaa anaambiwa apumzike. Mpaka leo nikipigiwa simu kwamba fulani kajifungua salama, nauliza kajifungua saa ngapi, amekojoa, na nani amekaa naye.