Siku moja maishani mwangu: grenda, waya na dagaa wa Igombe

Saa 11:30 alfajiri. Sisi wa Mabatini, hapa Mwanza, tunakaa juu ya mawe. Bodaboda inaishia chini, mengine unamalizia kwa miguu. Nashuka na begi la vifaa mgongoni, grenda, mashine yangu ya kukatia chuma, ikinigonga kiuno kila hatua. Chini kuna mama wa chai. "Mwangaluka!" Namwitikia hivyohivyo, na Kisukuma changu kinaishia hapo. Chapati mbili, chai ya rangi, naondoka.

Saa 1:15 asubuhi, karakana, Nyakato. Kijana wangu wa mafunzo, wiki yake ya tatu hii, keshafagia. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Umekagua?" Kukagua kwetu kunaanzia kwenye ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Ina kitufe cha T. Unakibonyeza, isipojikata hatuanzi kazi. Kisha waya: unaupitisha kati ya vidole taratibu, kutoka plagi hadi mashine. Leo vidole vyake vimekwama pale waya unapoingia kwenye grenda. Ganda limepasuka, shaba inachungulia.

"Tupige tepu fundi, kazi yenyewe ndogo."

Nimemfungulisha mashine, tumekata kipande kibovu na kufunga upya. Dakika 20 zimekwenda na mteja anapiga simu. Apige tu. Tepu inalegea kwa joto, na mahali penyewe ndipo mkono unaposhika.

Saa 3. Tunakata mabomba ya fremu za chanja za kuanikia dagaa. Kabla ya kufunga diski mpya nachomoa plagi na kuining'iniza shingoni kama tai. Kijana alicheka siku ya kwanza. Lakini nikiwa na plagi shingoni, hakuna mpita njia atakayeichomeka vidole vyangu vikiwa kwenye diski.

Diski nayo inasomwa. Grenda yangu ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski hii imeandikwa 13,300, sawa. Namba ya diski isiwe chini ya ile ya mashine. Kwenye ile pete ya chuma katikati kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kama dawa, maana gundi inayoshika chembe huzeeka, na unyevu huimaliza haraka. Halafu kuna mchezo wa mtaani unaonikera: mtu anang'oa kava ili diski ya inchi 7 iingie kwenye grenda ndogo, ati inakata ndani zaidi. Diski hiyo imeandikwa 8,500. Ikipasuka haichagui pa kwenda, na kava aliyoitupa ndiyo ingesimama kati yake na uso wake.

Nimevaa miwani, nimeiwasha grenda pembeni, nusu dakika ikizunguka bure bila mtu kusimama usawa wake. Haitetemeki. Tunaanza.

Saa 4:20. Umeme umekatika.

Hapa kwangu kuna sheria: plagi itoke kwanza, ndipo mtu agune. Miaka ya nyuma, karakana nyingine, mwenzangu alikuwa anakata, umeme ukaenda. Akaiweka grenda mezani na swichi yake ya kusukuma imejifunga kwenye kuwasha, akaenda kupiga soga. Hata nusu saa haikupita, umeme ukarudi. Ile grenda ikaamka peke yake, ikakimbia juu ya meza, ikaanguka huku ikizunguka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakunywa maji. Nyuzi saba chini ya goti. Kijana ameshaliona kovu. Leo plagi yake imetoka kabla ya yangu.

Saa 7, ugali na sato. Umeme haujarudi, tunapakia bajaji.

Saa 8:30, mwalo wa Igombe, ufukweni wanakoegesha wavuvi. Tunatumia jenereta. Roli ya waya naifungua yote, mita zote 30, hata kama ninahitaji kumi. Ukiuacha umejiviringa na mzigo mkubwa unapita, joto linakosa pa kutokea na waya unaweza kuyeyuka. Viungo vya waya tumeviinua juu ya matofali, maana mchanga wa hapa una maji hata usipoyaona. Nasimama juu ya ubao mkavu.

Nikageuka kuangalia cheche zitakakoelekea. Hatua sita hivi, madumu mawili ya petroli ya injini za mitumbwi, na mwenye chanja ameyafanya kiti.

"Mama, naomba tukuhamishe kidogo."

"Mwanangu, jua lote hili unanitoa kivulini?"

"Mama, cheche zikifika hapo tutauza majivu, si dagaa."

Amecheka, akainuka. Vijana wa mitumbwi wakayabeba madumu hadi upande upepo unakotoka, na jenereta yetu tukaihamisha pia.

Kwenye drili nimemvua kijana glavu. Anashangaa, asubuhi nilimlazimisha kuvaa za ngozi. Kwenye drili glavu ikinaswa na keekee inavuta na kidole. Mikono ya shati imekunjwa, na ufunguo wa drili lazima uwe mfukoni mwangu kabla haijawashwa.

Saa 11:45 chanja zimesimama. Mama ameshatandaza wavu, anazitikisa miguu kana kwamba anakagua ng'ombe. Kalipa nusu taslimu, nusu kesho, na juu yake sado ya dagaa wakavu.

Saa 2 usiku napanda mawe, grenda mgongoni, dagaa mkononi. Paka wa jirani wananifuata hadi mlangoni.